Mistari Mitatu ya Familia Kutengana

Jibu la kwanza la historia ambalo mama aliniandikia lilianza kwa salamu. Huu si utani wangu, utani wangu unajulikana. Aliandika kwa Kiingereza chake cha kidato cha tatu, kwa mwandiko wa kulala wa watu waliosoma zamani, kwamba anamsalimia msahihishaji, anatumaini hajambo na watu wa nyumbani kwake hawajambo, naye pia ni mzima isipokuwa baridi. Halafu akaruka mstari mmoja, akaanza kueleza athari za ukoloni.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Mama, hii ni pepa. Siyo barua."

"Mtu anaingia kwenye mambo yangu bila hodi, na mimi nimpokee kimya?"

"Hiyo ndiyo kazi yake, kuingia."

"Kwani daktari naye si kazi yake? Ukiingia kwake husalimii?"

Tulikuwa jikoni kwetu Makambako, mlango umefungwa kwa kamba kwa sababu ya upepo. Upepo wa Makambako una ajira ya kudumu na haujawahi kuchukua likizo. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, daftari kwenye magoti, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu nilijua anachokitafuta kwenye daftari lile.

Mama anafanya kazi kwa masista, kwenye shule yao ya chekechea. Cheo chake ni msaidizi. Anafuta kamasi, anafunga kamba za viatu, anatuliza wanaolia, na mwalimu akiwa na safari anasimama yeye ubaoni, na watoto hawaoni tofauti. Masista wenyewe waliliona hilo. Wakamwambia akileta cheti cha kidato cha nne chenye masomo manne ya kufaulu watampeleka chuo cha ualimu wa awali, arudi akiwa mwalimu kamili. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya. Kiswahili akapata, Uraia akapata, Jiografia akaponea chupuchupu. Historia ikampa F. Sista mkuu alimwonea huruma, akamwambia nafasi yake itamngoja mwaka mmoja tu, na baada ya hapo atapelekwa mwingine. Basi kati ya mama na ualimu pakawa pamebaki somo moja, na mwaka wa kulirudia ukaangukia mwaka wangu wa kidato cha nne. Tungefanya pepa ileile, siku ileile. Mimi shuleni kwetu Makambako, yeye Njombe, kituo walichopangiwa watahiniwa wa nje.

Na sababu ya yeye kuacha shule kidato cha tatu ni mimi. Hakuna namna ya kulisema hili kwa kuzunguka. Tumbo lilionekana, akaitwa ofisini, akaambiwa achukue sanduku lake. Wenzangu huwa nawaambia kwamba mimi nilifukuzwa shule kabla ya kuzaliwa, wanacheka, na mimi nacheka nao. Halafu nafika nyumbani namkuta mama ameinamia vitabu vyangu, anasogeza kidole neno kwa neno, na kile kicheko kinakosa pa kukaa. Kuhusu baba, kwenye sehemu ya insha mtahiniwa anaruhusiwa kuacha swali moja. Mama aliacha hilo.

Kwa hiyo nikawa mwalimu wake. Sikuomba. Alinikabidhi daftari kama mtu anavyokukabidhi mtoto wake umshikie, akasema, "Nionyeshe wanachotaka."

Wanachotaka nilikuwa nakijua. Mwalimu wetu wa historia, mtu mwembamba mwenye sauti ya mnadani, alikuwa ametuingizia kichwani tangu kidato cha kwanza. Msahihishaji, alisema, ana rundo la karatasi linalofika dirishani, hana muda na roho yako. Anatafuta hoja, anapiga tiki, anaondoka. Utangulizi, hoja sita, hitimisho. Kila hoja mistari mitatu: unaitaja, unaieleza, unatoa mfano. Mstari wa nne ni wa kujifurahisha mwenyewe.

Wengi wetu tuliokota nusu ya fundisho hilo, ile nusu ya kumeza. Mtu anameza mada moja usiku, na asubuhi anaimwaga hata kama swali halijaiita. Jirani yangu wa dawati aliulizwa sababu, akamwaga matokeo. Mwalimu akamsimamisha.

"Wewe, ukiombwa chumvi unatoa sabuni?"

"Mwalimu, sabuni ndiyo niliyokuwa nayo."

Darasa zima lilianguka, na mwalimu mwenyewe aligeukia ubao muda mrefu kuliko kawaida. Lakini alikula F, yule jirani yangu, na sabuni yake mkononi.

Ugonjwa wa mama haukuwa huo. Mama hakumeza. Mama alisoma swali kama mtu aliyeulizwa kweli na mtu anayetaka kujua. Ukimuuliza kwa nini watu walikataa kodi ya kichwa, anafikiri, anaangalia juu kwenye paa, anasema, "Hebu ngoja." Hakuna "hebu ngoja" kwenye pepa. Nikampiga marufuku mambo mengi: salamu, "mimi", "kwetu", "nadhani", na kumshukuru msahihishaji mwishoni. Alitii moja baada ya jingine, akinung'unika. Ukoloni tukaumaliza kwa amani, mpaka tulipofika kwenye mada ya nguvu kazi.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mama anamenya viazi, mimi nasoma swali kwa Kiingereza kisha naligeuza: eleza athari sita za kazi ya manamba kwenye sehemu walikotoka vibarua. Nikamweleza kwamba manamba ni wale waliochukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga, wakiitwa kwa namba badala ya majina.

"Nawajua manamba," alisema. "Walikotoka ni wapi, kwenye kitabu?"

Nikasoma. Kitabu kilitaja Kigoma, kikataja Songea, kikataja Njombe.

Mama akaweka kisu chini.

"Sisi tumo?"

"Tumo. Kama mfano."

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari, akaandika bila kuinua kichwa mpaka viazi vilivyomenywa vikaanza kuwa vyeusi. Viazi nilivimalizia mimi. Aliponipa, zilikuwa kurasa mbili na bado zilikuwa hazijaisha. Utangulizi haukuwepo, hoja hazikuwepo. Alikuwepo bibi yake, yule aliyemlea kule Lupembe.

Aliandika kwamba mume wa bibi alipanda lori la waandikishaji wakati bibi ana mimba ya kwanza. Kwamba miaka mingi baadaye serikali ilipowahamisha watu kwenda kwenye kijiji kipya kando ya barabara, bibi alihama wa mwisho, tena kwa kubebewa vyombo. Kwamba kila Jumamosi alirudi kule kwenye mahame na ufagio, akafagia uwanja wa nyumba ambayo haikuwepo tena, maana mbao walishazing'oa na kuta mvua ilishazilaza. Mama alipofika umri wa kwenda shule ndiye aliyebeba ufagio. Walifagia wawili, kimya, kutoka kwenye mti wa mpichi mpaka kilipokuwa kizingiti, kisha wakarudi kijijini. Kurasa zenyewe ziliishia hapo, katikati ya sentensi, kwa sababu ndipo niliponyoosha mkono na kusema, "Lete nisahihishe."

Nilisahihisha. Nilipiga mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona, ukurasa wa kwanza, na wa pili. Sikufanya kwa ubaya. Hivyo ndivyo tunavyosahihishwa.

"Hapa huna hata alama moja," nikamwambia. "Angalia. Hoja ya pili kwenye notsi: familia kutengana. Bibi anaingia humo."

"Basi?"

"Basi. Unasema familia zilitengana kwa sababu wanaume walikaa mbali muda mrefu. Mfano, Njombe. Unaruka mstari."

"Mistari mingapi?"

"Mitatu."

"Bibi mzima."

"Mama, ukimwandika bibi mzima hao watoto wa chekechea utawafuta kamasi mpaka uzeeke."

Neno lile lilitoka lenyewe, kama yanavyonitoka mengine. Kwa kawaida mama hunijibu, tena kwa makali, maana huu mdomo sikuuokota barabarani. Safari hii alisema neno moja la Kibena ambalo silijui, na kwa jinsi alivyolisema sikutaka anitafsirie. Akafungua ukurasa mpya. Akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno la Kiingereza la utangulizi.

Kuanzia hapo alijifunza vizuri kupita kiasi. Alizisema hoja akiwa anaosha vyombo. Alizisema akiwa njiani kwenda kazini, nikimsikia mbele yangu kwenye ukungu, midomo inatoa moshi wa baridi: upungufu wa chakula, kudorora kwa kilimo, familia kutengana. Watu waliopishana naye walidhani anasali rozari, wakamwinamishia kichwa. Nilimtungia maswali, nikampa muda, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu niliyoiazima shuleni nikasahau kuirudisha. Mwezi wa nane alipata nusu ya alama. Mwezi wa tisa akavuka nusu. Karatasi zake zikafanana na za darasa zima, huwezi kujua aliyeandika ni mama wa mtu au mvulana wa Wanging'ombe anayewaza chakula cha mchana. Nilipaswa kufurahi, na mbele yake nilifurahi. Kila nilipofika kwenye hoja ya pili niliipiga tiki haraka na kufunua ukurasa.

Mtihani wa taifa ulipofika, mama aliondoka siku moja kabla, akalale kwa rafiki yake Njombe. Alivaa sweta mbili na kufunga kitambulisho kwenye leso, na leso akaibana kifuani. Stendi nilijaribu kumchekesha.

"Msahihishaji nimsalimie vipi kwa niaba yako?"

"Kaa kimya leo," alisema. Hakukasirika. Aliomba tu. Nikakaa kimya.

Kesho yake tukaingia. Askari mlangoni, msimamizi mwenye suti inayombana, madawati yametenganishwa kama watu waliogombana. Nilianza na maswali ya kuchagua, nikayamaliza nikijisifu moyoni. Nikafunua upande wa insha.

Swali lilikuwepo. Halikuwa lilelile neno kwa neno, lakini lilikuwa ndilo. Athari sita. Walikotoka vibarua.

Wenzangu walishusha pumzi, nikawasikia, swali limetoka, tulilimeza. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa namwona mama kwenye chumba kingine, Njombe, karatasi hiyohiyo mbele yake. Nilijua anavyosoma. Atasema kimoyomoyo, "Hebu ngoja." Ataangalia juu kwenye paa. Kisha kalamu itaanza kukimbia na itamfuata bibi yake mpaka kwenye mpichi, na kengele itampata huko, na hoja nyingine hazijaguswa, na sista mkuu ataita jina la mtu mwingine. Nilitaka kupiga kelele nje ya dirisha: mistari mitatu, mama! Upepo ungezipeleka upande wa Mbeya.

Nikaandika. Utangulizi, hoja ya kwanza, tiki yangu naiona. Hoja ya pili nikaitaja, nikaieleza, nikafika kwenye mfano. Kitabu kinasema Njombe. Nikaandika Njombe. Halafu, sijui hata sasa kwa nini, nikaendelea. Niliandika kwamba huko Lupembe alikuwepo mwanamke ambaye mume wake alikwenda mkonge na hakurudi, na yeye alifagia uwanja wa nyumba yao ya zamani maisha yake yote, akimngoja. Niliandika kwa Kiingereza kibovu, mkono ukienda mbio kama unaiba. Mstari wa nne, wa tano, wa saba. Msimamizi alipita, akasimama nyuma yangu kidogo, akaenda zake. Hoja zilizobaki nilizibana mwishoni kama mizigo ya watu waliochelewa basi.

Mama alirudi jioni ileile. Nilimpokea stendi, uso wake umechoka na hausomeki. Sikuweza kungoja tufike nyumbani.

"Liliingia," nikasema.

"Liliingia."

"Ukaandika nini?"

Alitembea kwanza. Tulipita maduka ya mbao, tukapita wauza parachichi wanaofunga, ndipo akajibu.

"Mistari mitatu, kama ulivyonifundisha. Nilipoweka nukta mkono ukataka kuendelea. Nikauweka chini ya paja nikaukalia."

"Muda gani?"

"Mpaka ukatulia. Halafu nikaandika ile ya magonjwa."

Nilisema, "Safi sana, mama." Hayo tu. La kwangu sikulisema. Ningeanzia wapi? Yeye amekalia mkono wake kwa ajili ya alama, na mimi mwalimu wake nimefanya nilichomkataza.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, mchana wa mvua. Mama alitangulia kuniangalizia ya kwangu kwenye simu, maana ya kwake aliyaogopa. Historia nilipata B. Pamoja na mengine yalitosha kunipeleka kidato cha tano, ambako niko sasa na historia naisoma tena. Halafu nikatafuta kituo chake, nikashuka na kidole kwenye namba za watahiniwa mpaka kwenye ya kwake. Nilisoma mara ya kwanza bila kumwambia, kuhakikisha.

"Sema," alisema. "Hata kama ni ileile, sema."

"D."

"D ni kupata?"

"Ni kupata. Mama, umepata. Yametimia manne."

Nilidhani atapiga vigelegele, nikawa nimejiandaa kuvipokea. Alichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma namba yake tarakimu kwa tarakimu, kisha akasoma ile herufi. Akanirudishia. Akaenda kuchochea mkaa jikoni, ingawa mkaa ulikuwa sawa. Nikaona mabega yake yakitetemeka kidogo. Aliporudi kukaa alikuwa ameshafuta uso.

"Kesho asubuhi naenda kwa sista mkuu," akasema. "Na wewe utanisindikiza, uvae sketi ya heshima."

"Nitavaa."

Mvua ikapiga bati. Akacheka kidogo peke yake, kicheko kisicho na furaha nyingi.

"Nimepata kwa kumfupisha bibi."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema haraka, nikiangalia jiko: kwamba mimi nilimwandika, kama mfano, siyo kwa jina, mistari mingi kuliko inayotakiwa. Mama alifunua sufuria ya maharage, akaifunika kwa nguvu, nikadhani ameudhika.

"Uliandika nini?"

"Kwamba alikuwa anafagia."

"Enhe."

"Kule mahame. Maisha yake yote."

"Enhe."

"Akimngoja mume wake arudi."

Mama akageuka akaniangalia vizuri.

"Nani alikuambia alikuwa anamngoja?"

Hakuna aliyeniambia. Hata kwenye zile kurasa mbili nilizozipiga mshazari halikuwepo neno la kungoja. Nililitia mwenyewe.

"Bibi alijua amekufa," mama alisema. "Alijua kabla hata hatujazaliwa, sisi wote. Wenzake waliokuwa naye kule mkonge walirudi mkataba ulipoisha, wakapitia nyumbani wakamletea koti lake. Yeye walishamzika kulekule. Sasa bibi angefanya nini, mtu hana kaburi? Akalizika koti. Pale uwanjani, karibu na mpichi. Wazee walikuja, wakakaa matanga yote kama kwa mtu, wakanyoa nywele. Ndiyo maana serikali ilipokuja kuwahamisha alikataa. Hawakuelewa, walidhani ni ukaidi. Hakuwa anaacha nyumba. Alikuwa anaacha kaburi."

Nilifikiria msahihishaji, popote alipo, aliyesoma mistari yangu saba na kunipa tiki kwa kitu ambacho hakikutokea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naandika. Ukachukua daftari."

Hakulisema kwa kulipiza. Alilisema kama mtu anayetaja mahali kitu kilipo. Kisha akavuta kigoda karibu na jiko na kuendelea alipokuwa ameishia ile Jumapili, katikati ya sentensi. Aliniambia jinsi bibi alivyokuwa akivua viatu kabla ya kufika kwenye mpichi, na yeye akimwiga bila kujua sababu. Jinsi siku moja alipouliza hapa kuna nani, akiwa na umri wa mtoto wa chekechea, bibi alimjibu bila kuacha kufagia kwamba hapa yupo babu yako, kiasi. Jinsi shamba la chai la mtu lilivyokuja kuufunika uwanja ule baada ya bibi kufariki, na leo huwezi kujua ni mstari gani wa michai. Sikumkatiza. Maharage yalikauka maji, akainuka akaongeza, akarudi akaendelea.

Alipomaliza nilikuwa na swali moja. Nilimuuliza koti lilikuwa la rangi gani.

Mama akafikiri sana, akaangalia juu kwenye paa.

"Sijui," akasema. "Na yeye sikumuuliza."